Shahidi wa Jasi

Jumatatu, 1 Desemba

Mvua imeanza rasmi, na leo imetuletea mgeni. Mhandisi wa manispaa, kijana mwembamba mwenye koti la mvua la kumzidi, amepanda ngazi zote mia na ishirini za mtaa wetu wa Alto Retamani ili autazame ufa wa ukuta wa jikoni. Aliingiza kisu chake kwenye ufa, kikazama hadi mpini. 

Kisha akakoroga jasi kwenye kikombe, akabandika kipande cha upana wa vidole viwili kukatiza ufa, akaandika tarehe juu yake kwa kalamu ya bluu.

"Huyu ndiye shahidi wenu," akasema. "Mlima ukisogea, yeye anakatika. Akikatika, mnatoka siku hiyo hiyo. Hakuna cha kungoja."

Mama alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni, kofia kichwani kana kwamba anakwenda sokoni.

"Jasi yenyewe umeikoroga vibaya, baba. Imejaa mapovu."

Jamani, aibu! Lakini ndiye mama yangu, doña Casimira, huyo. Miaka arobaini anatengeneza vitu vidogo vya jasi vya sikukuu ya Alasita: vinyumba, vigari, majiko ya ukubwa wa kidole gumba. Huwezi kukoroga jasi mbele yake akakunyamazia.

Mhandisi alipoondoka nikamwambia mama tuhame. Akanionyesha chumba kwa kidevu: cherehani mbili, friji iliyokufa nikiwa darasa la tano, kabati tatu, magunia ya jasi, buti za mgodini za marehemu baba zilizotundikwa kwenye msumari, sufuria ambazo hata yeye hajui idadi yake.

"Na hivi? Nivibebe kichwani?"

"Tuviache, mama."

"Viache wewe. Mimi sitoki hapa bila vitu vyangu."

Alhamisi, 4 Desemba

Nimepata wazo, na limenishtua hata mimi mwenyewe. Kazi yangu ni kujenga tovuti. Nimewajengea watu tovuti za meno ya bandia, za kuku wa nyama, za kukodisha magauni ya harusi. Sasa nitajenga moja ya kuwafundisha watu kuishi na vitu vichache. Itaitwa Nyumba Nyepesi. Limbert, tuliyesoma naye chuo, atachora kurasa. Mengine yote nitafanya mimi. Yeye anaota watumiaji elfu kumi. Mimi sikumficha: namtaka mtu mmoja tu, na huyo yuko jikoni kwangu anapiga msasa paa la kinyumba.

Jumanne, 9 Desemba

Mvua. Shahidi mzima.

Jumanne, 16 Desemba

Tovuti iko hewani! Mtumiaji wa kwanza ni mama. Alishika simu mbali na macho, akasoma kwa sauti, herufi baada ya herufi: chagua kitu kimoja leo, mara ya mwisho ulikitumia lini? Akainua macho, akazitazama zile buti msumarini.

"Simu yako haina adabu. Inaniuliza habari za mume wangu."

"Haijui kama ni za baba. Inauliza tu."

"Basi iambie nazitumia kila siku. Nazitazama." Akanirudishia simu. "Na lile boksi lako la waya, chini ya kitanda chako? Umelitumia lini?"

"Zile ni za kazi, mama."

"Enhe. Za kazi."

Nilinuna mpaka jioni. Ni waya tu: za chaja, za mashine za kuchapa, za simu ambazo hazipo tena duniani. Huwezi kujua lini utauhitaji mmoja.

Shahidi mzima.

Jumapili, 28 Desemba

Watumiaji saba, wawili kati yao ni mimi na Limbert.

Asubuhi nimeamka, msumari uko mtupu. Nilisimama mbele yake mdomo wazi. Buti za baba! Miaka kumi na tisa hakuna aliyeruhusiwa hata kuzipangusa vumbi. Mama alikuwa anakunywa api, uji wake mtamu wa mahindi ya zambarau, kana kwamba hakuna lililotokea. Mezani mbele yake palikuwa na buti mbili za jasi, kila moja ndogo kuliko haragwe, zimepakwa rangi nyeusi, na kwenye ncha ya ile ya kushoto kuna kiraka. Kile kile kiraka.

"Zile kubwa ziko wapi?"

"Nimempa don Eusebio, jirani wa chini. Anachimba mitaro ya mvua kwa viatu vya raba vinavyoingiza maji." Akameza. "Tovuti yako si ilisema nichague kimoja?"

Nikakaa juu ya gunia. Nililia kidogo, sijui nilikuwa namlilia baba au nalia kwa furaha. Amesikia! Kisha nikazipiga picha zile buti, nikaweka ukurasa mpya kwenye tovuti: kabla hujaagana na kitu, tengeneza kidogo chake, kikubwa umpe anayekihitaji.

Jumanne, 6 Januari

Siamini ninachoandika. Watumiaji elfu mbili na mia tatu. Picha ya buti imesambaa jiji zima, imeshuka hadi Cochabamba. Watu wanatengeneza makochi yao kwa sabuni, vitanda vyao kwa unga wa ngano, meza zao kwa vijiti vya kiberiti, kisha wanagawa makochi, vitanda na meza. Limbert alinipigia simu anapiga kelele nikadhani amefiwa.

"Zulema! Mama yako ni dhahabu! Muulize anafikiria nini kingine!"

Mama hafikirii kitu, anafanya kazi tu. Mikono yake ni myeupe hadi viwikoni. Cherehani ya kwanza imeondoka jana. Sufuria zinaondoka tano tano.

Shahidi mzima.

Jumanne, 13 Januari

Siku ya tisa ya mvua bila kupumua. Ukuta wa mawe wa chini kwa akina don Eusebio umelala barabarani. Nilikimbilia jikoni na tochi, nikamtazama shahidi mpaka pua ikamgusa. Yuko pale, mzima, laini kama ganda la yai, tarehe 1 Desemba kwa kalamu ya bluu. Hata mstari wa unywele hana. Nilishusha pumzi. Tuna muda.

Jumamosi, 24 Januari

Alasita. Mama alinitaka nimbebee boksi hadi sokoni. Nilidhani anakwenda kuuza, kama kila mwaka. Saa sita mchana, kengele zinalia, watu wanasukumana na vinyumba vyao na vigari vyao mikononi ili vibarikiwe, naye akafunua boksi lake. Nilishika kinywa. Ilikuwa nyumba yetu nzima! Friji iliyokufa, na kutu yake mlangoni. Kabati tatu, ile ya kati imepinda mguu. Buti. Sufuria, zote, mpaka ile isiyo na mkono. Mzee mmoja wa kubariki, mwenye chetezo, akavifukizia ubani, akanyunyiza pombe na maua, akanong'ona maneno yake.

"Mama, hivi si vya kuomba! Ni kumbukumbu! Ni vya kuagana!"

"Usimkatize mzee wa watu anaposema na Mungu."

Hapa kwetu kila mtu anajua: ukipata kitu kidogo saa sita ya siku hii na ukakibariki, mwaka haupiti kabla hujapata kikubwa chake. Nilijua tangu sijaota meno. Na bado sikufikiri.

Ijumaa, 30 Januari

Balaa. Limbert amekuja mwenyewe, hakutaka hata kukaa.

"Doña Nelva wa mtaa wa chini aligawa kabati lake. Akalitengeneza dogo, bibi yake akalipeleka kubarikiwa. Jana mama mkwe amemletea mawili! Kuna fundi mmoja aligawa televisheni tatu, ameshinda moja kwenye bahati nasibu ya kanisa, na shemeji yake kamletea nyingine. Nina barua sitini na nne. Zulema, tovuti yetu inawaongezea watu vitu!"

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Nilimgeukia mama. Alikuwa anafunga kizibo cha rangi, taratibu.

"Mlitegemea nini?" akasema. "Mmewafundisha watu wa mji mzima kutengeneza vitu vidogo wiki tatu kabla ya Alasita. Huko si kuagana. Huko ni kuagiza."

Limbert alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Mimi je! Nimesoma miaka mitano, nimeandika kurasa arobaini za tovuti, na mwanamke huyu aliyeishia darasa la tatu aliliona kosa tangu siku ya kwanza, akanyamaza, akaendelea kupaka rangi sufuria.

Jumanne, 3 Februari

Nililala siku mbili kwa akina Limbert tukirekebisha kurasa. Leo mchana nimerudi, nimefungua mlango, na sauti ya viatu vyangu imenirudia kutoka ukutani.

Nyumba tupu. Hakuna kabati. Hakuna kitanda cha mama; kimebaki changu tu, na boksi la waya chini yake. Hakuna friji, hata alama yake sakafuni imesuguliwa. Katikati ya jiko mama amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, amevaa kofia, boksi lake miguuni.

 Nimewahi kusikia habari za wazee wanaogawa kila kitu, kisha wanalala na hawaamki. Nilipiga magoti mbele yake, nikamshika uso.

"Mama, unaumwa? Daktari amekwambia nini? Usinifiche!"

"Nani anaumwa? Niachie mashavu, mikono ya baridi hiyo."

"Mbona umegawa mpaka kitanda?"

"Sijagawa, nimeagiza. Vipya vitakuja huko tutakakokuwa." Akagonga boksi kwa kidole. "Nilisema sitoki bila vitu vyangu. Vitu vyangu hivi hapa. Haya, twende wapi?"

  Miezi miwili nimehangaika kumtoa mama kwenye nyumba hii, na sijawahi kutafuta pa kumpeleka. Hata siku moja! Mama yake Limbert alishasema ana chumba, nikajibu tutaona, kwa sababu mtandao wa kule ni mbovu.

"Wiki ijayo, mama," nikasema. "Nimalize haya ya malalamiko kwanza. Si shahidi bado mzima?"

Akanionyesha ukuta kwa kidevu.

"Mtazame mwenyewe," akasema.

Nilikuwa na barua za kujibu.

Alhamisi, 5 Februari

Watumiaji elfu tisa. Mvua. Mama ameniuliza tena twende wapi.

Jumatatu, 9 Februari

Elfu kumi na moja! Limbert amenunua keki. Shahidi mzima.

Jumatano, 11 Februari

Mwandishi wa gazeti anataka mahojiano Ijumaa, na picha ya nyumba yetu tupu. Nimemwambia mama tutahama Jumamosi, baada ya mahojiano, bila kukosa. Amekaa juu ya ndoo yake, amevaa koti, kila siku amevaa koti, tangu asubuhi hadi anapolala kwenye godoro la kuazima.

"Yaani tunamngoja mtu wa gazeti," akasema.

"Siku mbili tu, mama."

"Sawa. Wewe ndiye mwenye tovuti."

Jumapili, 15 Februari

Niko hai. Mama yuko hai. Naandika ya jana, maana jana sikuweza kushika kalamu.

Saa mbili asubuhi mama aliniita kutoka jikoni. Hakupaza sauti.

"Zulema. Njoo umtazame shahidi wako."

Amekatika. Si mstari wa unywele. Kipande cha kushoto kimeshuka chini ya kile cha kulia, na katikati yao kidole changu kiliingia chote, kikakuta upepo.

"Lini?" nikauliza.

"Jumatatu."

"Jumatatu! Mama! Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani umeona. Si wewe unayeandika kila siku kwenye daftari lako?"

Nimeandika. Jumatatu, shahidi mzima. Sikuwa nimemtazama. Nilikuwa natazama keki.

"Lakini alikuwa mzima miezi miwili," nikasema, na hapo ndipo nilipokumbuka yale mapovu. Jasi ya mhandisi ilikuwa na mapovu. Niliyemmulika kwa tochi mwezi wa kwanza alikuwa laini kama ganda la yai.

Mama hakukwepa macho yangu.

"Wa yule kijana alikatika kabla ya Krismasi. Nikabandika mwingine. Huyu ni wa tano. Mwandiko wake si mgumu, ile bluu ndiyo ilinisumbua."

"Ungetuua! Mama, ungetuua!"

"Nilikuwa sijamaliza vitu." Akanyanyua boksi, akalifunga mgongoni kwa kitambaa chake cha mistari, kama anavyofungwa mtoto. "Nilipomaliza nikaacha kubandika. Nikakuuliza twende wapi."

Nilitaka kumpigia kelele, nilitaka kupiga magoti. Sikupata nafasi ya lolote kati ya hayo. Mlango wa nyuma, ambao umekwama tangu Novemba, ulifunguka wenyewe. Nje don Eusebio alikuwa anapuliza filimbi bila kukatika, anapanda ngazi akipiga milango ya watu, miguuni buti za baba.

"Tokeni! Mlima unatembea! Tokeni nyote!"

Tulitoka. Kompyuta yangu ilikuwa kwenye begi, begi begani, mkono wa mama mkononi. Tumeshuka ngazi ishirini, labda thelathini. Kisha nikamwachia mkono, nikarudi.

Kuandika hakutabadilisha kitu, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilirudi. Nilimsikia akiniita jina langu lote, Zulema Chuquimia Larico, kama siku niliyovunja kioo cha kanisa. Sakafu ilikuwa imeinama. Nilitambaa chini ya kitanda changu. Niliposimama, ukuta wa jikoni ulikuwa umefunguka, na mahali alipokuwa shahidi niliona mji, paa za mabati chini kabisa na mvua juu yake. Sijui nilitokaje. Najua mama alinikuta kwenye ngazi ya kumi, anapanda na boksi mgongoni, akanizaba kofi ambalo bado linawaka.

Nyumba haikuanguka kwa kishindo. Ilikaa chini kwanza, taratibu, halafu ikaondoka na matope, pamoja na nyumba nne za majirani. Zote zilikuwa tupu. Don Eusebio aliwahesabu watu mara tatu uwanjani, hakupungua hata mmoja.

Ndipo mama akatazama nilichokumbatia.

"Ni nini hicho?"

"Waya."

"Za nini?"

Nilitazama ndani ya boksi. Sikujua. Haki ya Mungu, sikuujua hata mmoja.

Jumanne, 17 Februari

Jumanne ya Kanivali. Hata hapa kwenye mahema ya uwanja wa shule watu wanabariki mali, wale wenye mali. Wengine wamefunga utepe wa rangi kwenye jiko moja la gesi, wengine kwenye baiskeli. Don Eusebio amezifunga buti zake maua ya manjano.

Tovuti nimeizima. Umebaki ukurasa mmoja wenye maneno machache: kama ukuta wako una ufa, funga simu hii, nenda ukautazame. Limbert hakubisha. Ameniletea ufunguo wa chumba cha mama yake.

Mama alitandika kitambaa chake chini, akavipanga vitu vyake kimoja kimoja, akavimwagia vipande vya karatasi za rangi, akamdondoshea Pachamama, mama ardhi, pombe kidogo kwenye nyasi. Nilimsaidia kupanga. Kabati tatu, cherehani mbili, friji, sufuria, buti. Chini kabisa, kimefungwa kwenye karatasi laini, nikakuta kiboksi cha ukubwa wa sukari ya kipande. Kiko wazi juu, na ndani yake waya, nyembamba kama nyuzi, nyeusi na nyeupe, zimefungana mafundo. Alikitengeneza lini?  

"Nilijua lile lako halitatoka kwa maneno," mama akasema bila kunitazama. "Ndiyo maana nikakutengenezea. Ili uliache lile kubwa."

Nililia mbele ya watu wote wa mahema, wala sikujifuta. Baadaye nikavipitia vitu tena, maana kuna kimoja sikukiona.

"Mama, nyumba iko wapi? Miaka arobaini unawatengenezea watu nyumba. Yetu hukuitengeneza?"

"Hiyo sikuitengeneza."

"Kwa nini?"

"Ningeiagiza, ingekuja na mlima wake."

Akavirudisha vitu vyote ndani, akalifunga boksi mgongoni, akaweka kofia sawa. Mvua ilikuwa imepungua.

"Haya," akasema. "Twende wapi?"

"Kwa mama yake Limbert," nikasema. "Sasa hivi."

Boksi la waya liko chini ya benchi la hema la tatu, wazi, kwa yeyote anayehitaji. Naandika haya nimesimama, na mama ananivuta mkono.